Daktari wa Nne Kuikataa Wirrendale

Daktari Shanthi alikuwa ameshawasha gari Alwyn Tregear alipotoka nyumbani mbio, kitambaa cha kulia bado kimemning'inia shingoni.

Alwyn, daktari mzee na wa pekee Wirrendale, hakuwa mtu wa kukimbia. Lakini Shanthi alikuwa wa nne kuukataa mji, na Alwyn alikuwa amechoka kuaibika mbele ya mkewe. Walipooana alimwahidi Nola kwamba wangekaa huku kwenye mashamba ya ngano miaka mitano tu, kisha wahamie nyumba ya ufukweni. Sasa wajukuu wana ndevu. Kila alipoitaja bahari, Nola alishusha pumzi na kutazama pembeni, na roho ilimsuta Alwyn. Mwezi uliopita Nola alipanda milimau uani. Alwyn akaona maskini anajiliwaza.

Yeye mwenyewe bahari hakuipenda. Mchanga viatuni ulimkera. Lakini alikuwa ameahidi, na bila mrithi hangeweza kuondoka, maana hospitali ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu na watu wangemfia barabarani.

Nola naye alijituma. Kila daktari aliyekuja kuuonja mji alichomewa paja la kondoo, na baada ya chakula, kama ilivyo desturi ya huku, mgeni alimfuata mwenyeji jikoni kumsaidia kufuta vyombo. Alwyn alifukuziwa barazani.

"Niachie mimi, mzee," Nola alikuwa akimwambia. "Wewe huna mdomo wa kubembeleza."

Vyombo vikiisha, mgeni alirudi mpole ghafla, akaaga mapema.

Shanthi alionekana tofauti. Jumamosi alishangilia timu ya mji mpaka sauti ikamkauka. Alisema Sydney imemchosha, huko mgonjwa unamwona mara moja tu halafu basi. Mumewe alikuwa fundi wa matrekta, na hapa mjini kazi ilimngoja. Alwyn alianza kuusikia mchanga viatuni.

Sasa alishika mlango wa gari, akihema.

"Ni mshahara?"

"Hapana, daktari."

"Nzi? Joto? Au upweke?"

"Nimeupenda huu mji. Ningeweza kuhamia hata kesho."

"Basi mbona unatukimbia, binti yangu? Mimi nimeshazeeka. Nimwambie nini mke wangu?"

Shanthi alitazama dirisha la jikoni. Nola alikuwa amesimama hapo, akiwapungia mkono kwa uchangamfu. Shanthi alimpungia pia, kisha akainamisha kichwa na kusema polepole.

"Nilimwapia mama kule jikoni kwamba sitasema. Alinililia, daktari. Aliniambia nikikubali tu kazi hii, wewe utamhamishia baharini."