Mwiba wa Konokono

Mzee Lusajo aliteremka kwenye basi la tatu miguu imevimba kama mihogo. Alikuwa amevuka mpaka kumfuata bintiye, Atupele, aliyempigia simu akilia: "Baba, watu hawa wamenishinda, na chakula chao kimenishinda. Njoo unirudishe nyumbani."

Kabla hajavua hata viatu, aliwekewa bakuli la konokono wakubwa kama ngumi, wangali ndani ya magamba yao. Mama mkwe wa Atupele, bibi asiye na meno ya mbele, alichomoa mwiba mrefu kwenye misuko yake akampa.

"Mvute polepole, mkwe," alisema. "Huyo hata alipokuwa hai hakuwa na haraka."

Mzee akachokoa. Nyama ikazidi kuzama ndani. Alikuwa amechoka asiweze hata kukunja uso.

"Lete, Baba," alisema Atupele. Akazungusha mwiba mara moja, nyama ikatoka nzima. Akaichanachana, akamlisha bibi kwanza, akamfuta kidevu. "Taratibu, mama, hakuna anayekunyang'anya!" Bibi akacheka mdomo umejaa. Kisha Atupele akavuta konokono mwingine, akamla mwenyewe bila hata kumtazama.

Mzee aliyaona yote hayo.

"Begi umeshafunga?" aliuliza. "Basi linaondoka alfajiri."

"Nimefunga, Baba. Lile pale mlangoni."

Atupele akaufuta mwiba kwa vidole, akauchomeka kwenye misuko yake mwenyewe. Kisha akalisogeza begi kwa mguu, apate njia ya kwenda kumwongezea bibi mchuzi.