Injini ya Baba Joan

Fundi Bulugu aliuliza swali fupi tu: pikipiki inakohoa ikiwa gia ya ngapi? Erasmus hakuwa na hakika, kwa hiyo akajibu kwa kirefu.

Erasmus na mkewe walikuwa Nyakanazi, kwenye karakana iliyobanwa na malori. Pikipiki yenyewe ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, na Erasmus alikuwa ameibadilisha mpaka akapitiliza: silinda imechongwa ikatiwa pistoni pana, kabureta ya aina nyingine, masanduku ya bati ubavuni, kioo cha kukinga upepo. Kwao Nyamiaga watu walisimama kuitazama. Lakini tangu ibadilishwe, ilipanda vilima vya Ngara kama mgonjwa wa pumu, na Jumapili mjukuu wao wa kwanza alikuwa anabatizwa Kasulu, kwa binti yao Joan. Alihitajika fundi wa kuiseti injini. Kumchagua fundi, Erasmus alisema, ni kazi ya mwanamume.

Walikuwa wameanzia kwa Matiasi, Ngara mjini. Matiasi aliizunguka pikipiki mara kadhaa, akashauri pistoni ya zamani irudishwe. Erasmus akamwona mwoga. Bulugu yeye alipiga mluzi, akasema hajawahi kuona chombo kama hiki, na kwamba mwenyewe lazima ni dereva wa kupigiwa mfano. Kama sifa zingekuwa mbolea, Erasmus angevuna maharage mara nne kwa mwaka. Hapo hapo akajua fundi wake amempata.

Bulugu akataka kujua inavyoendeshwa. Erasmus akaeleza kwamba mafuta huvutwa bila huruma, na kona ni mchezo tu. Mkewe, Scholastika, afisa kilimo mstaafu aliyevizungukia vijiji vya Biharamulo ujana wake wote, alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akimenya chungwa. Alifungua mdomo. Erasmus akamwambia mambo ya injini awaachie wanaume. Akaufunga, akaendelea na chungwa lake.

Basi Bulugu akaiseti injini kwa ajili ya mtu aliyeelezwa. Mkono wa mafuta ukawa wa kushika ghafla, usukani ukainuliwa kulingana na mabega ya Erasmus. Ilipowashwa ilinguruma hata madereva wa malori wakaacha wali wao na kuchungulia. Erasmus aliomba apigwe picha.

Yeye na mkewe wakashika barabara ya Biharamulo kuijaribu. Kilima cha kwanza pikipiki ilikimeza. Cha pili ilikiruka. Kwenye kona moja karibu na Runazi, mafuta yalipoguswa kidogo tu, ikachomoka kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, ikaiacha barabara na kuwamwaga wote wawili kwenye shamba la mihogo.

Erasmus aliinuka na udongo mdomoni. Scholastika alikuwa amelala kifudifudi, hatikisiki. Pale, katikati ya mihogo ya watu, sifa zote za Nyakanazi zilimtoka. Alimwita, si Mama Joan kama siku zote, bali Scholastika, kama alivyomwita walipokuwa wachumba. Alijaribu kusali, akagundua kwamba hakumbuki sala hata moja hadi mwisho.

"Ni goti tu," mkewe akasema hatimaye, uso ukiwa bado kwenye udongo. "Nyanyua hilo dude lako, Baba Joan."

Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Agness, aliwasaidia kuisimamisha. Kisha akawaelekeza kwa Malongo, fundi wa pale Runazi. Waliisukuma, mkewe akichechemea. Njia nzima Erasmus alikuwa akiomba fundi huyo asiwe mtu wa maswali.

Malongo alikuwa akifanyia kazi chini ya turubai, kando ya duka la chumvi na sabuni. Aliwaamkia, wakaitikia, na Erasmus akaanza kueleza habari za pistoni. Malongo alisubiri amalize.

"Anaiendesha nani?"

Erasmus akahamia kwenye kabureta.

"Sijauliza kabureta, mzee. Injini husetiwa kwa mkono wa mtu. Anaiendesha nani?"

Erasmus akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa akilifunga goti kwa leso. Ilimjia kwamba katika safari yote hii alikuwa hatafuti fundi. Alikuwa akitafuta msikilizaji, tena amempata, na nusura amzike mtu kwa ajili yake. Akasogea karibu na Malongo akamnong'oneza ukweli, macho yakiwa kwenye viatu vyake. Malongo hakucheka. Hilo lilimchoma Erasmus kuliko ambavyo kicheko kingemchoma.

Kazi ikachukua mchana wote. Usukani ulishushwa, mkono wa mafuta ukalainishwa, kabureta ikapunguzwa kidogo kidogo, injini ikiwashwa na kuzimwa, ikiwashwa na kuzimwa, mpaka ikatulia na kuimba kwa sauti ya chini kama cherehani. Hakuna aliyetoka dukani kuja kuitazama, na kwa mara ya kwanza Erasmus hakujali.

"Haya, ijaribuni," Malongo akasema.

Scholastika akavaa helmeti, akakaa mbele, akakanyaga gia ya kwanza. Erasmus akapanda nyuma yake, akamkumbatia kiuno, akafumba macho kama kawaida yake.