Mikono Imesafiri

Siku hizi nesi wa safari hasafiri, inasafiri mikono yake tu. Asubuhi yangu ya kwanza kazini nilivaa glavu za kampuni sebuleni kwetu Tukuyu, zikajifunga mpaka zamu iishe. Nilichofanya hewani, mikono ya mashine ilikifanya wodini Ulaya. Mama alicheka kitandani kwake pale pembeni: "Nesi wa safari, hata stendi hujafika!"

Saa tano homa yake ikapanda. Tuko wawili tu nyumbani, na miguu yake haina nguvu.

"Tusekile, maji."

"Vumilia mama, natoka jioni."

Jagi lilikuwa juu ya kabati, hatua mbili tu. Lakini nilikuwa nimemwinua kichwa bibi mmoja wa kule. Nikiliendea, namwangusha.

"Mnyweshe mgonjwa wako," msimamizi wa kampuni akasema kwenye kispika cha sikioni mwangu.

Nikainamisha kikombe ambacho hapa hakipo. Mama akajiburuta kutoka kitandani, akaweka kichwa chake chini ya glavu zangu, akafungua mdomo.

"Safi sana, nesi," sikio likasema. "Kamaliza kikombe chote."