Vipimo vya Suti ya Harusi

Badi alikuwa hatulii. Nyambizi aliyokuwa akiibuni kwenye kompyuta, ya kumpeleka chini ya ziwa peke yake, ilimnyima hata kukaa: anaigeuza kwenye kioo, anainuka, anarudi.

Mkewe Saumu, fundi cherehani, akamtazama mabega, kisha akakitazama kisanamu chake kilichoketi ndani ya nyambizi kwenye kioo.

“Vipimo vyako umevitoa wapi?”

“Kwenye suti yangu ya harusi.”

“Mume wangu! Suti ile siku hizi mkono tu haupiti!”

Akampima upya kwa futi yake. Badi akaviingiza vipimo, na kisanamu chake kwenye kioo kikakwama mlangoni, kiunoni.

“Jaribu vyangu.”

Badi alisita, akaviingiza vya mkewe. Kisanamu kikateremka, kikaketi, mfuniko ukajifunga.

Badi akainuka tena. Saumu akakikalia kiti kabla hakijapoa.

“Usukani unashikwaje?”