Kitenge Juu ya Kamera

Upepo wa Agosti ulitokea upande wa matanuri ya tofali, mwekundu kwa vumbi, ukamkuta Sylvain katikati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kamera yake kubwa ya mbao, aliyoibeba mgongoni kutoka Bukavu vita vilipoanza tena, ilikuwa imesimama wazi. Filamu yake ya mwisho aliisukumia ndani ya shati. Kamera aliikumbatia, lakini vumbi likazidi kupenya kwenye mikunjo yake ya ngozi nyuma ya lenzi.

Mama aliyekuja kupigwa picha akainuka kitini. Picha ilikuwa ya kumtumia mumewe, aliyesikika yuko kambini Kigoma. Akafungua kitenge chake kiunoni, akaifunika nacho kamera yote.

"Mama, bantu banaangalia."

"Niko na jupon ndani. Shika iyo pembe, papa."

Upepo ulipopita, Sylvain alikiondoa kitenge taratibu, akamrudishia. Mama akakiweka chini, maana kukikung'uta hapo kungerudisha vumbi lote. Akaketi na shimizi yake, magoti ameyabana, macho chini.

Sylvain akasogeza kamera hatua tatu mbele, mpaka kwenye kioo cha kamera ukabaki uso wa mama peke yake.

"Angalia huku, mama. Miguu haionekani."

Akainua macho.