Kola Haijui Kilio

Kola ya shingoni haikuwa na ugomvi na mtu, ilimradi mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Ukiuangushia pengine, umeme unakuchapa mpaka ujikojolee. Ndiyo maana mtaani hakuna aliyemwita mwenzake kwa mbali tena: ukiita, sauti huvutika mwishoni, na kola haijui wito wala kilio, inajua silabi tu.

Saumu, kola ilimng'oa meno mawili alipolia msibani kwa mumewe. "Nimeyapunguza ili maneno yapate njia," aliwatania majirani.

Asubuhi hiyo alikuwa akianika shuka uani. Alipogeuka, akamwona mwanawe mdogo, Asumini, ananyoosha mkono kwenye karai la mafuta ya maandazi yanayochemka.

"Asumini," akasema, mkazo mahali pake. Mtoto hakushtuka. Huo ulikuwa wito wa kula, wa kuoga, wa kulala.

"Asuminiii!"

Kola ikambwaga chini. Akajing'ata ulimi, damu ikaruka kwenye shuka. Akaita tena, ikampiga tena, kichwa kikagonga sakafu. Asumini akaruka nyuma, mkono mzima.

Jirani yake, Bi Zuwena, akaja mbio. "Mwenzangu, umekufa?"

"Bado. Hebu nihesabie meno."

Asumini akachuchumaa, akamfuta mama yake damu mdomoni kwa kiganja.

"Mama, usiite hivyo," akamnong'oneza. "Unakosea."

Kila mkazo ulikuwa mahali pake. Kola ya mtoto ilikuwa bado haijaletwa, na wala hakuihitaji.