Kanuni ya Bi Mwanahija

Jina la mjukuu wake liliposomwa kati ya waombaji, Bi Mwanahija, mwenyekiti wa mfuko wa kusomesha watoto, aliinuka. Ilibaki nafasi moja tu ya kulipiwa ada, na bila hiyo binti huyo angeacha shule. Lakini mwenye ndugu kwenye orodha hutoka nje wenzake wakipiga kura. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe.

"Leo imekushika, Bi Sheria!" alitania Mzee Mbwana, aliyebishana naye kila kikao.

"Acha inishike," akajibu, akatoka.

Mzee Mbwana akamfuata barazani na kiti mkononi. "Kanuni haikusema usimame, dada yangu," alimwambia taratibu, kisha akarudi ndani.

Machozi yalimlengalenga. Aliketi akishukuru, akaligeuzia dirisha mgongo, asiione mikono iliyoanza kunyooshwa.